Hedingi zinajibadilisha zenyewe, namba zinaruka, yaliyomo hayatimii: nilivyotoka huko

Mkuu nimekusoma. Una dokumenti ya kurasa mia na kitu, sura zimeandikwa na watu wanne halafu zikaunganishwa faili moja, sasa hedingi zinabadilika fonti zenyewe, namba za vichwa zinatoka 2.3 zinarudi 1.1, orodha ya yaliyomo inaacha vichwa vingine huku inabeba sentensi nzima za aya za kawaida, na ukigusa hapa kunaharibika kule. Na washauri wamekuambia "chagua yote, weka Times New Roman 12, maliza". Tafadhali usifanye hivyo kwanza. Mimi nilifanya, nikakesha siku mbili kurekebisha nilichoharibu kwa dakika moja.

Yangu ilikuwa ripoti ya kurasa kama 180, waandishi sita, na mimi ndo nikapewa kazi ya "kuipanga ipendeze" kwa sababu eti najua kompyuta. Nilichokuwa najua ni kutaipu haraka tu. Kile kisanduku cha juu chenye maandishi Normal, No Spacing, Heading 1, Heading 2, miaka yote nilikuwa nakiona kama mapambo ya programu. Hedingi natengeneza kwa mkono, nachagua maneno, naboldi, saizi 14, naendelea. Nafasi kati ya aya na aya, enta mbili. Sura mpya, enta enta enta enta mpaka nifike ukurasa wa pili. Kusogeza kitu kulia, spesi. Ikachapishwa vizuri kabisa mara ya kwanza na nikasifiwa, ndo nikajiona fundi.

Halafu bosi akasema badilisha marjini na vichwa vyote vidogo viwe saizi 13. Aisee. Nilipobadilisha marjini zile enta zote nilizosukumia kurasa zikahama, sura ya tatu ikaanzia katikati ya ukurasa, ya tano ikaacha ukurasa mzima mweupe, na vichwa vidogo vilikuwa zaidi ya 90, kimoja kimoja, na kila nikimaliza nakuta kingine nimekiruka. Hapo ndo nikaanza kutafuta kuna watu wanafanyaje hii kazi bila kuchanganyikiwa.

Sasa sikiliza, maana ukielewa hili moja mengine yote yanakuja yenyewe. Washa kwanza zile alama zisizoonekana. Kwenye Word ni Ctrl+Shift+8, kwenye LibreOffice Writer, ile programu ya bure inayofanana na Word, ni Ctrl+F10. Utaona kila aya mwishoni ina kialama kama P iliyogeuzwa, ¶. Watu wengi wanadhani kile ni kuonyesha tu kwamba hapa ulibonyeza enta. Hapana bwana, kile ndo mfuko wa aya. Nafasi ya juu na chini, kusogea kulia, kukaa katikati, namba, jina la staili, vyote vimewekwa mle. Ndo maana ukifuta enta iliyoko kati ya hedingi na aya inayofuata zinaungana na moja inavaa nguo za mwenzake, ukadhani Word imepandwa na wazimu. Ndo maana pia ukikopi aya pamoja na ile ¶ unabeba na tabia zake zote kwenda kokote unakopesti, ukiiacha ile alama unabeba maneno tu na fomati za herufi zake.

Ya pili, kila aya ina jina la staili, hata kama hujawahi kuligusa. Kama hujalichagua basi inaitwa Normal. Staili ichukulie kama sare. Ukisema wote wenye jina Heading 2 wavae fonti fulani, saizi 13, nafasi 12 juu na 6 chini, wanavaa wote kwa mpigo, hata wawe mia tatu. Lakini ukienda kwenye aya moja ukabonyeza boldi, ukabadili saizi, ukabadili fonti kwa mkono, umeivalisha koti juu ya sare. Sare iko palepale chini, haionekani tu. Kesho ukibadilisha sare, mwenye koti habadiliki pale koti lilipofunika, na wewe unabaki kusema "mbona nimebadilisha staili na hiki kichwa kimegoma".

Sasa rudi kwenye ule ushauri wa kuchagua yote na kuweka Times 12. Unachofanya pale ni kuwagawia makoti watu wote, hedingi, aya, maelezo ya picha, meza (majedwali), mpaka namba za tanbihi. Kwa macho vinafanana, chini kila mmoja amebaki na sare ya sura alikotoka. Siku ukitaka kubadili chochote huna pa kushika.

Mimi hili lilinikaa kichwani siku nilipochungulia ndani ya faili lenyewe. Faili za docx, hizi zilizokuja na Office 2007, kiukweli ni zip. Kopi faili, badilisha jina la mwisho liwe .zip, lifungue, utakuta folda inaitwa word na ndani kuna document.xml na styles.xml. Sare zote zimeandikwa kwenye styles.xml. Kwenye document.xml aya iliyopangwa vizuri ina kamstari kamoja tu kanasema mimi ni Heading2, basi, na maneno yake. Zile hedingi nilizotengeneza kwa mkono kila moja ilikuwa imebeba mzigo wa mistari, fonti hii, saizi hii, boldi, na nyingine boldi imewekwa ikatolewa ikawekwa tena vipande vipande katikati ya neno moja. Niliona aibu, nikafunga. Odt ya LibreOffice nayo ni zip vilevile, ukipenda kuchungulia.

Haya tuje kwenye matatizo yako moja moja, ila sitafuata mpangilio wako.

Yaliyomo. Ile orodha haisomi boldi wala ukubwa wa maandishi. Inasoma staili, au kwa usahihi zaidi inasoma ngazi ambayo aya imepewa, na Heading 1, 2, 3 zimekuja na ngazi zao tayari. Kwa hiyo vichwa vinavyokosekana ni vile vilivyotengenezwa kwa mkono, kwa macho ni vichwa, kwa programu ni Normal iliyovaa koti nene. Na zile sentensi ndefu zilizoingia humo, kuna mtu aliweka Heading kwenye aya ya kawaida kwa bahati mbaya, akaona imekuwa kubwa ya buluu, badala ya kurudisha staili akaipunguza saizi na kuipaka nyeusi kwa mkono. Ikapona machoni. Shika Ctrl huku ukikliki huo mstari kwenye yaliyomo, utarushwa mpaka kwenye aya yenyewe, tazama kisanduku cha staili kinasemaje, mpe Normal au staili ya maandishi, halafu rudi kwenye orodha ubonyeze F9. Kama kuna mistari mitupu kwenye yaliyomo mara nyingi hizo ni aya zisizo na maneno zilizovaa sare ya hedingi, zifute.

Ukigusa hapa kunaharibika kule. Hii nina uhakika karibu wote ni nini, maana ilinikuta na nilidhani ni kirusi. Ukifungua Modify, yaani dirisha la kurekebisha, ya staili yoyote kwenye Word kuna kisanduku chini kimeandikwa Automatically update. Jina zuri kabisa, nani asiyetaka vitu vijisasishe? Nikakitiki kwenye staili ya maandishi. Kesho yake nikaweka aya moja katikati ya ukurasa, shairi fulani hivi la utangulizi, na kurasa 180 zote zikakaa katikati. Maana yake ni kwamba koti lolote unalomvalisha mmoja linageuka kuwa sare ya wote. Pita kwenye staili zako zote kitoe. Normal yenyewe haina hicho kisanduku, na staili za TOC, yaani za orodha ya yaliyomo, zinakuja nacho kimewashwa, hizo ziache, huko kina faida. Lakini kwenye Heading na maandishi mengine ni bomu limetegwa.

Sababu nyingine ya hiyo hiyo ni urithi. Staili moja inajengwa juu ya nyingine, na bibi wa ukoo mzima ni Normal. Ukimbadilisha bibi, wajukuu wote ambao hawajajisemea jambo hilo wanabadilika naye. Nilitaka nafasi kidogo kati ya aya nikaweka pointi 12 chini ya Normal, mara meza zote zikavimba, kila selo ina nafasi chini, futa (yale maandishi ya chini ya kila ukurasa) zikapanda juu, maelezo ya picha yakaachana na picha. Tangu hapo sheria yangu ni hii, Normal naipa fonti na lugha tu, basi, simgusi tena. Maandishi ya kawaida ya dokumenti nayapa Body Text, na hiyo ndo naibadilisha navyotaka, nafasi, mistari, kujistifai. Word haikulazimishi kufanya hivi, inakuachia uandike kila kitu kwa Normal na wengi wanaandika hivyo maisha yao yote, ila kwa dokumenti ndefu utajuta. Kwenye LibreOffice mpangilio ni huohuo, bibi anaitwa Default Paragraph Style na maandishi ni Body Text, zamani iliitwa Text Body, na kule Ctrl+0 inakupa hiyo moja kwa moja, Ctrl+1 Heading 1, Ctrl+2 Heading 2. Kwenye Word ni Ctrl+Alt+1, 2, 3 kwa hedingi na Ctrl+Shift+N kurudi Normal. Ukizizoea hizi hutaki tena kusikia habari ya panya.

Na ukiwa kwenye Modify angalia kitu kinaitwa style for following paragraph. Hii inasema nikibonyeza enta baada ya hii aya, inayofuata iwe sare gani. Baada ya hedingi weka Body Text. Kitu kidogo ila ndo kinachozuia yale mambo ya aya nzima kuwa kubwa ya buluu mtu akaanza kuipaka rangi kwa mkono.

Sasa usafi wenyewe. Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye kazi.

Kopi faili kwanza. Sijui kwa nini hili watu wanaliruka. Kopi, ipe jina lingine, fanyia kazi ile kopi.

Kabla hujavua watu makoti kumbuka kuna makoti ya halali. Majina ya vitabu yaliyolala, majina ya kisayansi ya mimea, maneno ya kigeni, hayo italiki zake unazihitaji. Mimi mara ya kwanza nilichagua yote nikabonyeza Ctrl+Space, ambayo inafuta fomati za herufi, na italiki zote za kurasa 180 zikaenda, ikabidi nizitafute neno kwa neno nikilinganisha na kopi ya karatasi. Sasa hivi nafanya hivi: nafungua Find and Replace, kwenye kutafuta siandiki kitu, naweka tu fomati ya italiki, kwenye kubadilisha naandika zzq^&qzz. Ile ^& maana yake "hicho hicho ulichokipata". Kila neno la italiki linazungukwa na zzq na qzz, alama ambayo hakuna neno lolote la kawaida litakuwa nayo. Ndo navua makoti bila wasiwasi. Nikimaliza kila kitu natafuta tena, safari hii nawasha use wildcards, natafuta zzq(*)qzz na kubadilisha kwa \1 ikiwa na staili ya Emphasis, ambayo ni ya italiki. Zote zinarudi, tena zikiwa na sare yao na sio koti. Ni ujanja wa kizamani lakini haujawahi kuniangusha. Hakikisha tu mwishoni unatafuta zzq uone hakuna iliyobaki, niliwahi kupeleka rasimu yenye zzq tatu na mkubwa akaniuliza hiki ni kifupi cha nini.

Kuvua makoti yenyewe kuna vitufe viwili na watu wanavichanganya. Ctrl+Q inafuta fomati za mkono za aya, yaani nafasi, kusogea, kukaa katikati. Ctrl+Space inafuta za herufi, fonti, saizi, boldi, rangi. LibreOffice zote kwa pamoja ni Ctrl+M, Google Docs ni Ctrl na kile kimstari kilicholala \. Ila usibonyeze Ctrl+A kwa pupa kwa Ctrl+Space, namba za tanbihi na viungo vya intaneti navyo vinaishi kwa fomati ya herufi, nenda sura kwa sura uangalie zile namba ndogo bado ziko juu ya mstari.

Kuna kituko kimoja cha Word ambacho ukikijua utaacha kuona inabahatisha. Ukiipa aya staili mpya, Word inaangalia yale makoti ya herufi. Kama fomati ya mkono imefunika zaidi ya nusu ya aya inaivua, kama ni chini ya nusu inaiacha. Fikra yao ni kwamba ukiboldi maneno mawili ulikusudia kusisitiza, ukiboldi aya yote ulikuwa unatengeneza muonekano tu. Ndo maana unapiga staili ileile kwenye aya tatu, mbili zinanyooka, ya tatu inabaki na fonti yake ya zamani kwa kipande. Mimi nilikuwa naibonyezea staili mara nne nne kwa hasira.

Kuzipa hedingi za mkono majina yao, usiende moja moja kama nilivyofanya. Kliki kwenye moja, nenda Select pale kulia juu kwenye Home, chagua ile ya maandishi yote yenye fomati inayofanana, zinajichagua zote dokumenti nzima, kisha kliki Heading 2 mara moja. Kwa faili la watu wengi utarudia, kwangu kulikuwa na waliotumia 14 boldi, wengine 13 boldi, mmoja alikuwa anapiga na mstari chini, kwa hiyo raundi tano, lakini raundi tano na vichwa 90 wapi na wapi.

Halafu zile enta mbili mbili. Tafuta ^p^p badilisha kwa ^p, rudia mpaka ikuambie imebadilisha sifuri. Kwenye LibreOffice washa regular expressions, tafuta ^$ na kwenye kubadilisha acha patupu. Aya zitabanana ghafla utashtuka, usirudishe enta, nenda Body Text weka nafasi ya pointi 6 au 8 chini, zote zinapumua kwa mara moja. Na zile enta za kusukuma sura mpya, kwenye Heading 1 washa Page break before, kila sura itaanza ukurasa mpya yenyewe hata ukibadili marjini mara kumi. Hiki kitu kingenisaidia siku ile sijui ningelala saa ngapi, mapema tu.

Keep with next iko palepale pembeni, inazuia hedingi kubaki peke yake chini ya ukurasa huku maandishi yake yako ukurasa wa pili. Heading za Word zinakuja nayo, za mkono hazina. Ila ukikuta kurasa zinaacha nusu nyeupe bila sababu kuna mtu kaiwasha kwenye aya za kawaida, zinashikana mikono kama treni na zinahama pamoja. Ukiwa umewasha zile alama utaona kidoti cheusi cha mraba pembeni ya aya, hicho ndo kinakuonyesha.

Namba za 2.3 kurudi 1.1. Hapa nitasema ukweli, kwenye Word namba ndo sehemu mbovu kuliko zote na wala sio wewe. Kile kitufe cha namba cha kwenye utepe kila ukikibonyeza kinaweza kuanzisha orodha mpya isiyojuana na ya zamani, na ukiunganisha sura nne za watu wanne una orodha nne, kila moja inahesabu kivyake. Dawa ni orodha moja tu ya ngazi nyingi iliyofungwa kwenye staili. Weka kishale cha kuandikia kwenye Heading 1 yoyote, nenda kwenye kitufe cha orodha ya ngazi, chagua Define new multilevel list, fungua More, na kwa kila ngazi pale Link level to style weka Heading 1 kwa ngazi ya kwanza, Heading 2 kwa ya pili, Heading 3 kwa ya tatu. Fanya mara moja, sehemu moja, na kuanzia hapo usiguse tena namba ndani ya maandishi, ukitaka kuzibadili rudi kwenye dirisha lile lile. Ukiona 2.3 2.3 mara mbili kuna mtu aliitaipu kwa mkono, futa ya mkono. Na kule ndani mlipoandika "kama ilivyoelezwa kifungu 3.2" badilisheni iwe cross-reference, yaani rejea iliyofungwa kwenye kichwa chenyewe, la sivyo namba zikihama mnatuma msomaji asikokujua. LibreOffice hili liko rahisi zaidi, liko menyu ya Tools, Heading Numbering, zamani ikiitwa Chapter Numbering, na halikuwahi kunisumbua.

Ukitaka kujua aya fulani ina koti au ni sare tupu, kwenye Word bonyeza Shift+F1, paneli inafunguka kulia inakutenganishia, hii imetoka kwenye staili, hii imewekwa kwa mkono. Mimi nikiwa na aya tata siigusi mpaka niione huko. LibreOffice toka 7.6 ya mwaka 2023 ina kitu kitamu zaidi, Spotlight, unaiwasha kwenye paneli ya staili, ile ya F11, kila aya inapata kibandiko cha rangi na namba pembeni kulingana na staili yake, na zenye fomati ya mkono zinaonekana zimewekewa michirizi. Kwa jicho moja unajua sura ipi imechafuka.

Kuna aliyesema fanya kazi yote Google Docs. Kwa kuandika pamoja sawa, hakuna mpinzani. Lakini staili zake ni zile zile chache, maandishi ya kawaida, kichwa cha jalada, kichwa kidogo na hedingi sita, huwezi kuunda yako mwenyewe, unachoweza ni kuipanga moja utakavyo na kuiambia ifanane na hii. Kwa ripoti yenye nukuu, maboksi, maelezo ya picha na viambatisho utaishia kwenye makoti tu. Andikeni kule mkitumia Heading 1 na 2 kwa nidhamu, mkimaliza shusha kama docx upangie kwingine, hedingi zinakuja na majina yake na yaliyomo yanafanya kazi. Na ukishachagua programu ya kumalizia baki nayo, kurusha faili Word kwenda LibreOffice kurudi Word kila siku kunaleta vidonda vidogo vidogo hasa kwenye namba na mpangilio wa kurasa.

Kuhusu kuunganisha sura mpya zinazokuja. Uchafu wote unaingia kwenye kupesti. Ukipesti kwa kutunza fomati ya chanzo unabeba makoti ya mwandishi na wakati mwingine staili zake zinaingia kama wageni wasioalikwa, ndo unakuta orodha yako ina staili 140 zenye majina ya ajabu ajabu. Kama mwandishi alitumia Heading kwa haki, chagua kile kitufe cha kutumia staili za kule unakopesti, jina likifanana anavaa sare yako. Kama alitengeneza kwa mkono, pesti maneno matupu kisha umpe staili mwenyewe, unaumia dakika ishirini unapona wiki. Maneno matupu kwenye Word mpya na Google Docs ni Ctrl+Shift+V, LibreOffice ni Ctrl+Alt+Shift+V. Jihadhari tu, ukipesti matupu italiki zinaenda pia na tanbihi hazifuati.

Safari iliyofuata mimi niliwatumia waandishi templeti kabla hawajaanza, dotx yenye staili kumi tu na ukurasa mmoja wa mfano. Kati ya sita wawili ndo waliifuata. Bado ilikuwa nafuu, zile sura mbili nilizimaliza kwa chai moja.

Faida nyingine nazipita haraka. Ukishapanga hivi paneli ya Navigation inakuonyesha dokumenti nzima kwa vichwa, unavuta sura nzima kwa panya unaihamisha na vifungu vyake. Ukitoa PDF unaweza kuiambia itengeneze bukumaki kutoka kwenye hedingi. Na msomaji asiyeona anayetumia programu ya kusomewa skrini anaruka kichwa kwa kichwa, hedingi ya boldi kwake ni aya kama aya nyingine.

Sasa kwako mkuu, mimi ningeanza na kile kisanduku cha Automatically update, dakika tano, halafu namba, kisha ndo usafi wa sura kwa sura ukianza na ile iliyochafuka zaidi. Na kama umefanya yote haya bado namba zinaruka au faili linajifunga lenyewe, basi fungua dokumenti mpya tupu, kwenye ile ya zamani chagua kila kitu isipokuwa ile ¶ ya mwisho kabisa, kopi, pesti kwenye mpya. Hiyo alama ya mwisho inabeba mipangilio ya sehemu nzima na mara nyingi uozo umejificha humo. Iache huko huko. Kama dokumenti ina sehemu nyingi, mfano kuna kurasa za kulala za meza pana, fanya sehemu moja moja na uache alama ya mwisho ya kila moja, marjini utaziweka upya kwa mkono. Ukikwama piga picha ya paneli ya Shift+F1 kwenye kichwa kinachokusumbua uiweke hapa tuione.